Hofu ya kuachishwa kazi na wanauchumi wa Warsaw

Mwaka 1943, vita ikiwa bado inawaka Ulaya, jarida moja la siasa la Uingereza lilichapa makala mafupi ya Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Takwimu ya Oxford. Aliitwa Michał Kalecki, mtu wa miaka 44, asiye na shahada ya uchumi wala shahada nyingine yoyote. Swali lake lilikuwa rahisi kulieleza. Serikali inajua namna ya kuwapatia kazi wote wanaoitafuta: itumie fedha, hata za kukopa, ijenge shule na barabara, iongeze uwezo wa wananchi kununua. Watu wakinunua, wenye viwanda watauza zaidi na faida yao itapanda. Iweje basi wenye viwanda hao hao wawe wa kwanza kuipinga sera hiyo?

Jibu lake ndilo lililonisukuma kuandika. Kalecki alieleza kwamba mwenye kiwanda anapenda faida, lakini nidhamu kiwandani na utulivu wa kisiasa anavithamini kuliko faida. Mfanyakazi anayejua kuwa kibarua chake kikiota nyasi leo, keshokutwa atapata kingine mtaa wa pili, hatishiki. Atadai nyongeza. Atajiunga na chama cha wafanyakazi. Msimamizi akimfokea, atajibu. Kundi la watu wanaosubiri langoni bila kazi ndilo linalompa tajiri sauti ndani ya geti, na tajiri analijua hilo hata kama hajalisoma popote.

Akaongeza hoja nyingine, ambayo mimi naiona nzito zaidi. Pale ambapo ajira inategemea kama wenye mitaji wamejisikia kuwekeza au la, kila serikali inalazimika kuwapepea. Sera ikiwaudhi, wanazuia fedha, kazi zinapungua, na serikali inaonekana imeshindwa. Siku serikali itakapojua kuzalisha ajira kwa matumizi yake yenyewe, silaha hiyo itakuwa butu. Ndiyo maana, kwa maoni ya Kalecki, nakisi ya bajeti inahubiriwa kana kwamba ni dhambi. Mahubiri hayo yana kazi ya kulinda nafasi ya watu fulani mezani.

Kila Juni, wakati mawaziri wa fedha wa Dodoma, Nairobi na Kampala wanaposimama na mikoba yao, mimi huyarudia makala yale. Yananisaidia kusikiliza kile ambacho hotuba inakichukulia kuwa hakina mjadala.

Kulikuwa na nchi moja, Kalecki aliandika katika makala hayo, ambako pingamizi za wenye viwanda zilikuwa zimeondoka: Ujerumani ya Hitler. Kazi zilipatikana, kwa sababu vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimevunjwa na fedha za umma zilikwenda kwenye silaha badala ya mahitaji ya watu. Kambi ya mateso ilichukua nafasi ya hofu ya kuachishwa kazi. Aliyeandika hayo alikuwa Myahudi kutoka Łódź, na rafiki yake wa karibu kuliko wote katika taaluma alikuwa bado Warsaw, mikononi mwa Wajerumani.

Rafiki huyo ni Ludwik Landau, na bila yeye hatuwezi kuzungumzia mkondo huu wa fikra. Niuite mkondo, maana wenyewe hawakuwahi kujipa jina wala kutoa ilani. Walikuwa watu wachache waliokutana Warsaw mwishoni mwa miaka ya 1920 katika Taasisi ya Utafiti wa Mwenendo wa Uchumi na Bei, chini ya Edward Lipiński. Kalecki aliingia hapo mwaka 1929. Alikuwa amesomea uhandisi Warsaw na Gdańsk, akaacha kabla ya kumaliza kwa sababu baba yake, aliyewahi kuwa na kiwanda kidogo cha kusokota nyuzi, hakuwa tena na uwezo. Alijikimu kwa kuandika magazetini na kuchunguza kama kampuni fulani zinaaminika kukopeshwa. Uchumi, basi, aliujulia kwenye vitabu vya hesabu za makampuni. Alijua bei inapangwa na nani, na alijua kwamba katika viwanda vikubwa aghalabu hupangwa na wachache waliokubaliana.

Yeye na Landau walikaa wakahesabu pato la taifa la Poland la mwaka 1929, na baadaye la 1933, kwa mikono, wakigawa kati ya mishahara na faida, kati ya kinacholiwa na kinachowekezwa. Mdororo mkuu ulikuwa umeikamata nchi. Ushauri uliokuwa ukitolewa na wakubwa wa fani ulikuwa mmoja: punguzeni mishahara, bidhaa zitashuka bei, kazi zitarudi. Katika hesabu zao Kalecki hakuona njia ambayo ushauri huo ungefanya kazi.

Hapa inabidi nirudi nyuma kwa mwanamke aliyezaliwa Zamość mwaka 1871, katika Poland iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Rosa Luxemburg anakumbukwa zaidi kwa mapinduzi na kwa kuuawa kwake Berlin Januari 1919, lakini alikuwa na udaktari wa Chuo Kikuu cha Zürich, alioupata kwa kuchunguza ukuaji wa viwanda vya Poland. Mwaka 1913 alitoa kitabu kikubwa juu ya ulimbikizaji wa mtaji. Aliuliza: ikiwa wafanyakazi wanalipwa chini ya thamani ya wanachozalisha, nani ananunua kilichobaki? Akajibu kwamba ubepari hauwezi kuishi bila watu walio nje yake, na akaeleza kwa kirefu Misri ilivyokopeshwa fedha za mifereji na pamba, kisha mkulima wa bonde la Nile akakamuliwa kodi hadi deni likalipwa kwa jasho lake. Kwa Mwafrika, kurasa zile bado zinachoma.

Kalecki aliona jibu la Luxemburg limekosea mahali, lakini swali aliliona sahihi. Alilibeba, akalipindua. Fikiria nchi isiyofanya biashara na nje, isiyo na kodi. Wafanyakazi wanatumia mshahara wao wote: unga, mafuta, kodi ya nyumba, nauli. Kila shilingi waliyolipwa inarudi kwa wenye mali ileile, hakuna iliyozidi. Faida ya wenye mali kama tabaka inatoka wapi, basi? Inatoka kwenye matumizi yao wenyewe, mashine wanazoagiza, majengo wanayosimamisha na anasa wanazonunuliana. Mwenye mali anaweza kuamua kesho atumie zaidi. Hawezi kuamua kesho apate faida zaidi. Kwa hiyo matumizi yanatangulia na faida inafuata. Ukipunguza mishahara wakati wa mdororo huongezi faida hata senti moja. Unapunguza tu wateja, ghala zinajaa, na mzunguko unaofuata watu wengine wanafukuzwa. Weka serikali na biashara ya nje katika hesabu hiyo, nakisi ya bajeti inageuka kuwa chanzo kingine cha faida za watu binafsi, jambo ambalo wanaoilaani nakisi hulisahau.

Hayo aliyachapa mwaka 1933, kwa Kipolandi, katika kijitabu chembamba chenye hisabati nyingi kuhusu kupanda na kushuka kwa uchumi. Mwaka huohuo alikwenda Leiden, Uholanzi, akayaeleza mbele ya wanauchumi wa hisabati. Mwaka 1935 matoleo mafupi yalitoka kwa Kifaransa na Kiingereza. Dunia haikushtuka. Februari 1936 John Maynard Keynes akatoa kitabu chake kikuu, na dunia ikashtuka. Kalecki alikuwa Stockholm kwa ufadhili wa Rockefeller, akitayarisha kitabu chake mwenyewe juu ya jambo hilohilo. Inasimuliwa kwamba alipoanza kukisoma kile cha Keynes aliugua siku tatu. Kisha akasafiri hadi Uingereza, akakutana na watu wa Cambridge, na hakusimama hadharani kudai kwamba yeye alitangulia. Aliyemsemea, kwa miaka mingi na kwa sauti kubwa, alikuwa Joan Robinson, mwanafunzi na mwenzake Keynes.

Wapo wanaosema kosa la Kalecki lilikuwa kuandika kwa Kipolandi. Sikubaliani nao kabisa. Aliandika kwa lugha ya watu waliokuwa wakifukuzwa viwandani Łódź na ya serikali iliyokuwa ikiwafukuza. Alikuwa na hoja nao. Katika magazeti ya mrengo wa kushoto alitumia jina la bandia, Henryk Braun, akajadiliana na wasomaji wa hukohuko juu ya mambo ya wiki ileile. Fikra zake ziliiva kwa sababu zilipikwa nyumbani, kwenye takwimu alizozihesabu mwenyewe, na mimi ninayeandika uchumi kwa Kiswahili najua thamani ya kumwandikia mtu unayeweza kukutana naye kituo cha basi akakukosoa. Waliochelewa ni wale ambao hawakuona sababu ya kusoma kinachochapwa Warsaw.

Adhabu ya kwanza haikukawia. Landau na mwenzao Marek Breit waliondolewa kwenye taasisi baada ya tathmini yao ya sera za uchumi kuiudhi serikali. Kalecki, akiwa ughaibuni, alijiuzulu kwa kuwaunga mkono, akabaki bila kazi ya uhakika katika nchi ya watu. Katika vita, Breit aliuawa. Landau alijificha Warsaw akiandika siku baada ya siku kila alichokisikia na kukihesabu chini ya utawala wa Wajerumani: bei za mkate, misako, tetesi za mstari wa mbele. Mwaka 1944 alikamatwa, hakurudi. Kumbukumbu zake zilichapwa baadaye na zimebaki hazina kwa wanahistoria wa mji ule.

Jina lililovuma zaidi kuliko la Kalecki enzi hizo lilikuwa la Oskar Lange. Alizaliwa 1904, akawa profesa Chicago, na katika miaka ya 1930 aliwajibu Ludwig von Mises na Friedrich Hayek waliodai kwamba ujamaa hauwezi kukokotoa bei. Lange alisema bodi ya mipango inaweza kupanga bei, ikatazama nini kinapungua madukani na nini kinarundikana, ikarekebisha, kama soko linavyofanya kwa kubahatisha. Ilikuwa hoja ya werevu mkubwa. Baada ya vita aliuacha uraia wa Marekani, akarudi kuwa balozi wa Poland mpya Washington. Namheshimu, ila namwona kama mtu aliyevutiwa mno na uzuri wa mashine. Ndani ya nadharia yake humsikii mtu akimwogopa mwingine, na kwa Kalecki hofu hiyo ilikuwa ndiyo mada.

Kalecki alikwenda Montreal kwenye Shirika la Kazi Duniani, kisha Umoja wa Mataifa New York, akaacha kazi katikati ya miaka ya 1950 wakati wa msako wa Seneta McCarthy wa Marekani dhidi ya waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Mwaka 1955 alirudi Poland. Wengi wangetazamia kwamba msoshalisti huyo sasa angepumzika mikononi mwa serikali ya wafanyakazi. Haikuwa hivyo. Baada ya mageuzi ya Oktoba 1956, Lange akawa mwenyekiti wa Baraza la Uchumi na Kalecki makamu wake. Kalecki akapewa kusimamia mpango wa muda mrefu wa 1961 hadi 1975, na akawaambia viongozi jambo wasilopenda. Mkiweka fedha nyingi mno kwenye viwanda vizito mnamnyima mfanyakazi nyama na nyumba leo kwa ahadi ya kesho. Siku moja atachoka. Walimsikiliza kwa adabu, wakaongeza uwekezaji. Kalecki alifariki Warsaw Aprili 1970. Desemba mwaka huohuo serikali ilipandisha bei za vyakula siku chache kabla ya Krismasi, wafanyakazi wa bandari na viwanda vya meli vya Gdańsk, Gdynia na Szczecin wakatoka barabarani, na makumi wakauawa kwa risasi.

Kabla ya hapo alikuwa ameshughulika sana na nchi za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Katika mihadhara aliyoitoa Mexico mwaka 1953 alisema kwamba nchi maskini inayotaka kujenga haikwamishwi hasa na uhaba wa fedha. Inakwamishwa na chakula. Ukiajiri watu kujenga bwawa, watataka kula. Chakula kisipoongezeka bei zinaruka, na mfumuko wa bei unamlipisha maskini gharama ya bwawa. Na kwa nini chakula hakiongezeki? Kwa sababu ya mwenye ardhi anayechukua nusu ya mavuno, mkopeshaji wa kijijini na mfanyabiashara anayengoja msimu wa njaa. Kwa hiyo, alisema, lawama za kukosa mitaji mara nyingi huficha woga wa kugusa ardhi na kodi za matajiri. Alikwenda India kushauri. Mwaka 1964 aliandika juu ya tawala kama za Nasser wa Misri, ambamo tabaka la kati la chini linashika dola kwa msaada wa mashirika ya umma huku likitembea katikati ya kambi mbili za vita baridi. Msomaji aliyekulia Tanzania ya mashirika ya umma hahitaji kuelezwa kwa nini makala yale yanasomeka kama barua iliyoandikiwa nyumbani.

Warsaw ilikuwa imeanzisha kozi ya upangaji uchumi kwa wataalamu kutoka nchi zinazoendelea, na semina ya Kalecki ilikuwa moyo wa shughuli hiyo. Wenzake walikuwa Ignacy Sachs, Kazimierz Łaski, na kwa ukaribu wa fikra zaidi kuliko wa ofisi, Włodzimierz Brus na Tadeusz Kowalik.

Machi 1968 wanafunzi waliandamana, na serikali ikajibu kwa kampeni iliyoitwa ya kupinga Uzayuni, iliyokuwa chuki dhidi ya Wayahudi iliyovalishwa joho la chama. Brus alifukuzwa Chuo Kikuu cha Warsaw pamoja na wasomi wenzake Leszek Kołakowski na Zygmunt Bauman. Wanafunzi wa Kalecki walishambuliwa kwenye mikutano kwa makosa ya kinadharia ambayo washambuliaji wenyewe hawakuweza kuyaeleza. Mzee akastaafu kwa kupinga. Łaski alikwenda Austria, Brus baadaye Oxford, Sachs Paris. Kwa mara ya pili katika miaka takriban 30 kundi lilelile lilitawanywa na dola, safari hii na dola iliyojiita ya wafanyakazi. Nikiitazama historia hii naona nadharia ya Kalecki ikiwapata wenye nadharia. Aliyesema kwamba sera huamuliwa na nguvu kabla ya hoja aliondolewa kwa nguvu, bila hoja kujibiwa.

Kuna uzi mmoja wa kutawanyika huko uliofika hadi kwetu. Sachs, aliyekimbilia Brazil utotoni na kuishi India ujanani, aliibeba semina ya Warsaw hadi kwenye maandalizi ya mkutano wa mazingira wa Stockholm wa 1972. Mkutano huo ndio uliozaa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lililowekwa Nairobi. Mkuu wake wa kwanza, Maurice Strong, alilitangaza wazo la maendeleo yanayopatana na mazingira, na Sachs ndiye aliyelipa nyama na mifupa: kwamba maskini hana haja ya kuchagua kati ya umaskini na kuangamiza ardhi yake, ikiwa mipango itaanzia kwenye mahitaji yake na maarifa ya mahali alipo. Alifariki 2023. Wanaopita Gigiri, makao ya shirika hilo, kila asubuhi wakielekea kazini wanapita karibu na matunda ya semina ya Warsaw.

Kowalik alibaki Poland. Agosti 1980, wafanyakazi wa meli wa Gdańsk walipogoma, alikuwa mmoja wa wataalamu waliokwenda kuwashauri, chini ya Tadeusz Mazowiecki. Miaka tisa baadaye Mazowiecki akawa waziri mkuu, na waziri wake wa fedha, Leszek Balcerowicz, akazindua mpango wake tarehe 1 Januari 1990. Bei ziliachiwa, nakisi ikabanwa, na kampuni ya umma iliyopandisha mishahara kupita kiwango ikatozwa kodi kali. Lazima niwe mkweli: mwisho wa 1989 bei zilikuwa zikikimbia kupita kiasi, na serikali yoyote ingelazimika kufanya jambo. Tena uchumi wa Poland ulianza kukua tena mwaka 1992 na uliendelea kukua kwa karibu miongo mitatu. Lakini mwaka 1990 peke yake mishahara halisi ilishuka karibu robo, na nchi iliyokuwa haijui ukosefu wa ajira ilikuwa nao wa takriban asilimia 16 kufikia mwisho wa 1993. Kowalik aliwaona wenzake wa Gdańsk wakitia sahihi, na hadi alipofariki 2012 aliandika kwamba kulikuwa na njia nyingine, na kwamba waliogoma 1980 hawakugomea hicho. Namwamini. Anayeitetea nafuu ya 1992 hajasema bado kwa nini gharama yake ilipangiwa wafanyakazi wale wale waliouangusha utawala wa zamani.

Mwaka huohuo wa 1990, juzuu la kwanza la kazi zote za Kalecki kwa Kiingereza lilitoka Oxford, likihaririwa na Jerzy Osiatyński. Yalitimia saba. Katikati ya kazi hiyo Osiatyński aliitwa kuwa waziri wa fedha wa Poland, 1992 hadi 1993, akikaa kwenye kiti alichotoka kukikalia Balcerowicz muda si mrefu uliopita, na kurasa za Kalecki mezani.

Łaski hakurudi kuishi. Alifundisha Linz, akaongoza utafiti katika taasisi moja ya Vienna, akaendelea kukokotoa faida, uwekezaji na nakisi kwa njia aliyofundishwa Warsaw. Alikufa 2015 akiwa na miaka 93. Mwaka aliokufa mihadhara yake ya uchumi mkuu ilitoka Warsaw, kwa Kipolandi, na chini ya kichwa cha kitabu kuna maneno haya: uchumi wa kibepari bila ukosefu wa ajira.